Bugali Unashibisha, Mboga Inalisha: Kupanga Sufuria ya Nyumbani kwa Pesa Kidogo, Bukavu

Ukutani mwa kituo kimoja cha afya huku Kadutu kuna picha kubwa iliyobandikwa: yai, samaki mzima, pande la nyama, glasi ya maziwa, karoti, ndizi. Chini yake pameandikwa kwamba mtoto anahitaji chakula kamili. Siku moja nilikuwa nimesimama mbele ya picha hiyo na kijiti mkononi, nawaelezea akina mama waliokuja kupimisha watoto, mmoja akanikatiza. "Dada, tumeelewa. Lakini hivyo vyote unaona tutavinunua na pesa ya wapi?" Wenzake wakanyamaza, wakanitazama mimi.

Swali lile liliniuma kwa sababu lilikuwa la haki. Tangu Februari 2025, vita vilipofika mjini na benki zikafunga milango, limeingia hata katika nyumba ambazo zamani hazikuwa zikihesabu kila faranga. Simu nazo zimejaa sauti za kuchanganya watu: huyu anasema acheni mafuta ya mawese, yule anasema muhogo ni sumu, mwingine anaapa kwamba bila nyama hakuna damu. Mama anasikiliza yote, halafu anaenda sokoni na pesa ileile ya jana. Ninaamini kabisa kwamba kwa pesa hiyo, siku nyingi, anaweza kupika chakula kamili. Lakini lazima kwanza tuelewane kuhusu maneno.

Kwetu mtu akiuliza "mboga gani leo?" haulizi habari za majani. Mboga ni chochote kinachoandamana na bugali: maharagi, sambaza (wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu), lengalenga (mchicha), nyama, hata mchuzi wa nyanya na vitunguu peke yake. Kushiba ni kazi ya bugali. Kulishwa, yaani mwili kupata vitu vya kujengea misuli, damu, mifupa na akili ya mtoto, ni kazi ya mboga. Nyumba nyingi hupanga kwa kuanza na unga: unga ukishapatikana moyo unatulia, na mboga inanunuliwa kwa kilichobaki. Hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Watu wa afya hugawa vyakula katika makundi matatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Fikiria pikipiki ya motari anayepandisha abiria kutoka Nyawera hadi Panzi. Vyakula vya nguvu (bugali, wali, viazi, ndizi, mafuta) ni esansi: bila hiyo haiwaki. Vya kujenga (maharagi, soya, karanga, samaki, mayai, nyama, maziwa) ni vipuri: tairi likiisha, esansi hata ikijaa tangi haitakuwa tairi. Vya kulinda (majani na matunda) ni ile oili ya kubadilisha, inayofanya injini isijile yenyewe. Motari anayenunua esansi tu atatembea wiki kadhaa bila kuona tatizo. Mwili nao ni vivyo hivyo, na kwa mtoto muda huo ni mfupi zaidi.

Kitu cha kujengea mwili kinaitwa protini. Kilo nzima ya unga wa muhogo haina hata gramu 20 za protini. Unga wa mahindi una kama 80 kwa kilo. Maharagi makavu yana zaidi ya 200. Soya ina kama 360. Sambaza waliokaushwa vizuri wanafika karibu 600, kwa sababu maji yote yametoka na kilichobaki ni samaki mtupu. Nyama ya ng'ombe ina kama 200, lakini uliyouziwa na mfupa wa robo kilo imeshashuka hadi 150.

Sasa chukua namba hizo uende nazo sokoni. Kilo ya sambaza wakavu ikiuzwa mara tatu ya bei ya kilo ya maharagi, usikimbie: kwa upande wa protini ni bei moja. Ikiuzwa mara mbili tu, sambaza ndio rahisi. Nyama yenye mfupa ikizidi bei ya maharagi hata kidogo, maharagi yameishinda, na kwa kawaida inazidi mbali sana. Hesabu hii haitaki karatasi. Inataka tu uulize bei mbili kabla ya kufungua pochi, na uangalie kama sambaza hawana mchanga, maana waliokaushwa chini wanauzwa pamoja na udongo.

Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50 za protini kwa siku, mtoto wa miaka miwili au mitatu kama 13. Nusu kilo ya maharagi makavu inatoa gramu 110 hivi. Kwa baba, mama na watoto wanne, hiyo ni karibu nusu ya siku nzima tayari, kabla hujaongeza unga wa mahindi, majani wala kiganja cha sambaza.

"Lakini ya maharagi si sawa na ya nyama," mtu atasema. Ni kweli kidogo. Protini imeundwa na vipande vingi vidogo, na mwili unavitaka vyote pamoja, kama fundi anayetaka mchanga na saruji siku moja. Maharagi yamepungukiwa kipande fulani ambacho mahindi na mchele wanacho, na mahindi yamepungukiwa kile ambacho maharagi wanacho kwa wingi. Vikikutana tumboni, vinakamilishana. Ndiyo maana bugali uliochanganywa muhogo na mahindi, pamoja na maharagi, ni chakula kizito kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo maana bugali wa muhogo mtupu na maharagi machache unaacha pengo. Ukiweza kununua unga wa aina mbili na kuchanganya nyumbani, fanya hivyo.

Ugonjwa wa kukosa mboga una jina katika lugha ya Bashi: bwaki. Hospitali ya Lwiro, kule Kabare, imewatibu watoto wenye bwaki na kuuchunguza ugonjwa huo kwa miongo mingi. Vitabuni unaitwa kwashiorkor, neno la lugha ya Waga wa Ghana ambalo daktari Cicely Williams alilipeleka katika uganga mwaka 1935, na katika lugha hiyo linahusu ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja. Watu wale walikuwa wameona kitu cha kweli: mtoto anaondolewa kwenye maziwa, anahamishiwa kwenye uji mwepesi wa muhogo, na hakuna kinachochukua nafasi ya maziwa. Leo inajulikana kwamba chanzo chake si protini peke yake, kwa maana kuhara, minyoo na maambukizi mengine navyo vina sehemu yao. Kosa linaloniumiza ni lile la kumwona mtoto amevimba mashavu na miguu, tukasema ananenepa. Bonyeza mguu wake kwa kidole gumba, kwenye mgongo wa unyayo, uhesabu mpaka tatu, uachie. Pakibaki shimo, huo si unene. Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, maana amepita mahali ambapo sufuria ya nyumbani inaweza kumsaidia peke yake.

Je, muhogo ni sumu? Mizizi ya muhogo mchungu ina sumu ya sayanidi, na bibi zetu walijua hivyo bila maabara: ndiyo maana wanailoweka siku tatu au nne, wanaianika, ndipo wanaisaga. Ukifuata hatua hizo, unga ni salama. Hatari inaingia watu wanapopunguza siku za kuloweka kwa sababu ya njaa au haraka ya kuuza, na inaongezeka sahani isipokuwa na mboga, kwa sababu mwili unatumia sehemu za protini kuiondoa sumu iliyobaki. Mabaki hayo pia yanazuia mwili kutumia iodini. Miaka ya 1960 na 1970 watafiti walikaa kisiwani Idjwi, hapo ziwani mbele yetu, wakikuta watu wengi wenye rovu shingoni, na muhogo ulikuwa sehemu ya sababu, pamoja na ukosefu wa iodini. Dawa yake ni ya bei ndogo: chumvi yenye iodini, iliyofungwa vizuri, ikatiwa mwishoni mwa kupika badala ya kuachwa wazi karibu na moshi. Na usiisahau sombe, yaani majani ya muhogo. Mmea uleule ambao mzizi wake una protini kidogo sana, majani yake yana nyingi kuliko majani mengi ya bustani. Yatwangwe sana, yachemke mwanzoni bila kifuniko ili sumu itoke na mvuke, kisha karanga ziingie.

Kuhusu mafuta ya mawese: ule wekundu wenyewe ndio vitamini, mwili unaugeuza kuwa vitamini A inayolinda macho ya mtoto. Mama anayeunguza mawese mpaka yawe meupe, kwa kuona ndiyo usafi, anapeleka angani kile alichokinunua. Yapashe kidogo tu, kitunguu kiingie, basi. Majani kama lengalenga nayo yanahitaji mafuta kidogo, kwa sababu vitamini hiyo haiingii mwilini bila mafuta. Kijiko kimoja cha mezani kwenye sufuria ya majani si anasa. Ila lengalenga usiikaushe motoni nusu saa: ioshe kwanza, ikate baadaye, ipike muda mfupi, na maji yake usiyamwage.

Damu ni mahali ambapo pesa nyingi inapotea. Mtu akiambiwa amepungukiwa damu, anakimbilia kinywaji chekundu cha chupa, kana kwamba rangi inahamia kwenye mishipa. Damu inataka madini ya chuma, na maharagi yanayo, na sambaza wanayo. Pale Mulungu, watafiti wa INERA, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, walishiriki kutafuta mbegu za maharagi zenye chuma zaidi, na ukizipata usiziache. Lakini chuma cha maharagi ni kigumu kuingia mwilini, kinahitaji kusukumwa na vitamini C: nyanya mbichi iliyokatwakatwa juu ya sahani, limau, pera, marakuja baada ya chakula. Chai inafanya kinyume, inakishika chuma tumboni na kukizuia. Mkoa wetu unalima chai na sisi tunaipenda, sisemi iachwe. Ninaomba tu isiandamane na maharagi. Ngojeeni saa moja au mbili.

Yai wengine wanamnyima mtoto kwa kusema atakuwa mwizi au atachelewa kusema. Hapana. Yai moja lina gramu 6 za protini nzuri kabisa, na kwa mtoto wa miaka miwili hiyo ni karibu nusu ya mahitaji ya siku. Mwenye kuku wawili na kuuza mayai yote ili anunue unga, ninamwomba afikiri upya: abakize hata mayai matatu kwa wiki kwa yule mdogo. Vidonge vya mchuzi, kwa upande wao, ni chumvi na harufu. Vinaleta ladha, havichukui nafasi ya nyama.

Sasa makala, yaani makaa ya kupikia. Hapa ndipo maharagi yanakataliwa na wengi, na wana sababu: mboga rahisi inayokula nusu mfuko wa makala si rahisi tena. Mji wetu uko juu, karibu mita 1.500, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema: hapa ni kama nyuzi 95, si 100. Maji yanaruka sufuriani, lakini hayana joto lile la Uvira chini kwenye Tanganyika. Maharagi yanachelewa kwa ajili hiyo, na ya zamani yaliyokaa ghalani yanachelewa zaidi. Magadi yanafupisha muda lakini yanaharibu vitamini B1, na mimi nimeyaacha.

Nyumbani kwangu tunafanya hivi. Jioni naosha maharagi, nayaloweka kwenye maji mengi. Asubuhi maji hayo naya­mwaga, natia mapya, sufuria inapanda kwenye mbabula (jiko la makala) na inachemka kwa nguvu nusu saa nzima kwa saa ya ukutani. Nusu saa hiyo haipunguzwi, maana maharagi mabichi yana kitu kinachosokota tumbo na kinachokufa kwa kuchemka kweli. Halafu, ikiwa bado inatokota na kifuniko kikiwa kimebana, naitoa, naifunga kwa kitenge cha zamani, naishusha ndani ya kikapu nilichokijaza majani makavu ya migomba, nafunika na blanketi ya mtoto iliyochakaa. Makala yaliyobaki yanapika majani au maji ya kuoga. Baada ya saa nne hivi nafungua: mvuke unapiga usoni, na maharagi yanapondeka kati ya vidole viwili. Yanarudishwa motoni yachemke tena, ndipo kitunguu, nyanya na mawese vinaingia. Sufuria hiyo inalisha siku mbili, mradi kila jioni na kila asubuhi ichemshwe upya.

Ukishakuwa na sufuria kama hiyo mara mbili kwa wiki, mpango wa wiki unajipanga wenyewe. Siku nne zina maharagi, na ndani yake majani yanabadilika: lengalenga, kabichi, majani ya maboga, kinachopatikana. Siku mbili ni sambaza au ndagala (dagaa) na nyanya. Moja ni sombe na karanga, ya Jumamosi, wakati kuna mikono ya kusaidia. Nyama ikipatikana inaingia Jumapili, ikikatwa vidogo ndani ya majani ili wote waionje, mdogo akitangulia. Nasema mdogo akitangulia kwa sababu kwa wengi wetu pande la baba linatengwa kwanza na mtoto anapewa mchuzi. Namheshimu baba, lakini mwili wake umeshajengwa.

Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, bugali wa wakubwa hautoshi, tumbo lake ni kama ngumi yake. Anahitaji uji mzito, si maji meupe. Masoso (mahindi, soya, mtama, vilivyokaangwa na kusagwa pamoja) ni mzuri kuliko uji mwingi wa kopo. Ukikosa, tia kijiko cha karanga zilizosagwa na matone ya mawese kwenye uji wa kawaida, au unga wa sambaza wakavu waliotwangwa na kuchekechwa. Harufu ya samaki inawatisha akina mama kuliko inavyowatisha watoto.

Linabaki tatizo kubwa: kununua kidogo kidogo. Anayenunua unga kwa kopo la Guigoz (kopo la maziwa ya unga linalotumika kama kipimo) kila jioni analipa zaidi kwa mwezi kuliko anayenunua gunia, na anayelipa zaidi ndiye mwenye pesa kidogo. Hilo halitatuliwi na mpango mzuri wa jikoni. Nimeona linapunguzwa na likirimba: akina mama watano, badala ya kupeana pesa kwa zamu, wananunua gunia la maharagi pamoja wakati wa mavuno, Januari au Juni, bei ikiwa chini, wanagawana kwa kipimo kimoja mbele ya wote. Yakaushwe vizuri juani, yafungwe kwenye madumu yaliyojazwa mpaka juu na kufungwa kabisa, wadudu wakose hewa.

Sambaza nao wana majira yao, tena ya kila mwezi. Samaki hawa si wenyeji wa Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wanavuliwa usiku kwa taa: mwanga unawavuta juu, nyavu zinawapokea. Mwezi ukipevuka, ziwa lote linang'aa, taa inakosa nguvu, wavuvi wanarudi na kidogo au wanapumzika, na bei inapanda. Usiku wa giza unaleta wengi. Basi anayetaka kukausha wa kwake anunue wakati wa giza, awaanike juu ya bati au mkeka, si chini, awaweke kwa ajili ya wiki ya mwanga.

Jana usiku nilitoka nje nikatazama juu ya ziwa: mwezi umebakiza siku nne au tano kujaa. Kesho asubuhi mapema niko sokoni Kadutu, nimebeba beseni.